Tangi Lilirudi Likimeremeta na Bado Likavuja

Ukiona rangi mpya ya tangi la pikipiki imeanza kuvimba karibu na mshono wa chini, petroli tayari iko chini yake. Petroli hupenya mahali maji hayapiti. Hulainisha bodi fila, ule mchanganyiko wa kujazia mabonde kabla ya rangi, huinua rangi, kisha hukauka kabla haijadondoka, ikaacha mchirizi wa hudhurungi unaodhaniwa kuwa uchafu wa barabarani. Mwenye pikipiki anaweza kunusa harufu siku nyingi bila kuona tone.

Yangu ilianza hivyo. Ni pikipiki ya 150cc, aina ambayo imejaa Jogoo Road hapa Nairobi kila asubuhi, na kazi yake ni kubeba mizigo kutoka Kamukunji na Eastleigh hadi kwa wateja South B, Donholm, Embakasi na kwingineko. Gari liliigonga ikiwa imeegeshwa, ikaangukia ukingo wa barabara na tangi likabonyea upande wa kushoto. Nikaipeleka kwenye karakana moja ya Eastlands inayosifika kwa rangi. Walinyoosha bonde, wakajaza, wakapiga msasa, wakapuliza rangi. Ilirudi ikimeremeta, nami nikaipenda.

Sasa, wengi wetu tunaoishi kwenye ploti, zile nyumba za kupanga zenye milango mingi, hatuna mahali pa kuegesha usiku. Ukiiacha nje ya geti, asubuhi hutaikuta. Kwa hiyo pikipiki hulala kwenye korido, katikati ya milango ya watu. Jirani ninayepakana naye ukuta ndiye aliyenigongea mlango. “Kijana wangu,” aliniambia, “hiyo pikipiki inanuka mafuta, na mimi nina watoto ndani.” Hakupaza sauti. Jiko lake la makaa lilikuwa mlangoni, bado lina moto, na baina yake na tangi langu hapakuwa na hatua nyingi. Nikaisukuma nje usiku uleule, nikamlipa askari wa usiku wa ploti ya pili aiangalie.

Mama yule alikuwa na haki kuliko alivyojua. Kinachowaka kwenye petroli ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi kali: kiwango cha joto ambacho petroli huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika cheche ni karibu nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Hakuna usiku wa Nairobi, hata wa Julai, wenye baridi ya kuuzuia. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi ukatokea dirishani. Hushuka, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na kutulia mahali pa chini. Ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi, unangoja cheche. Na sisi tunapikia wapi? Jiko la makaa huwa sakafuni. Meko ya gesi ya kilo 6 huwa sakafuni. Nyumba zetu zimepangwa namna ambayo moto uko palepale mvuke unapoelekea.

Jiji hili lina kumbukumbu ya jambo hili. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba kuu la mafuta ikaingia mtaroni Sinai, kule Mukuru, upande wa Industrial Area, kati ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 100 walikufa. Silinganishi tangi la lita kumi na kitu na bomba lile. Ila mtu akiniambia petroli inayojitokeza kidogo kwenye mshono ni jambo dogo, nakumbuka Sinai, na subira huniisha.

Kabla ya kurudi karakana nilitaka kujua inatokea wapi hasa. Pikipiki ina mahali pengi pa kuvujia, na fundi asiyetaka kubeba lawama atakutajia pale ambapo hakushika. Kuna koki ya petroli yenyewe, ile unayoigeuza kuweka akiba, ambayo ina oringi ya ndani na bolti mbili za kuishika chini ya tangi. Kuna mpira unaoshuka hadi kwenye kabureta. Kuna gasketi ya geji ya mafuta kwa zile pikipiki zenye geji. Kuna kifuniko, hasa ukijaza hadi mdomoni kisha ukaegemeza pikipiki kwa stendi ya upande. Na kuna kabureta: sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, ikikwama kwa uchafu, petroli hufurika na kutokea kwenye kijimpira cha chini, nawe ukaona pamelowa ukalaumu tangi bure. Njia ya kuitenga kabureta ni rahisi. Funga koki, kausha kila kitu, subiri. Kama koki ni nzima na bado panalowa, kabureta haina hatia.

Nilitumia chaki. Mchana, uwanjani, mbali na jiko la mtu yeyote, nilipangusa sehemu ya chini ya tangi kwa kitambaa kikavu, nikasaga chaki nyeupe ya shule, nikaupaka unga wake kwenye mshono wote, kuanzia mbele karibu na shingo ya usukani hadi nyuma chini ya kiti. Nikachuchumaa nikiangalia. Chaki ikiguswa na petroli hubadilika kuwa kijivu kabla ya tone lolote kuonekana. Doa la kwanza lilijitokeza upande wa kushoto, dogo kama punje ya mtama, likanyoosha mkia kuelekea chini. Baadaye kidogo likaja la pili, kwa nyuma. Koki ilibaki nyeupe. Mpira ulibaki mweupe. Nikapiga picha.

Pale karakana fundi alinijibu, “Boss, hiyo ni rangi mpya inatoa jasho. Ipe siku mbili itakauka.” Nikamwonyesha picha ya chaki. Akaingia ndani akatoka na tyubu ya silikoni, ile ya kupaka kwenye gasketi za injini, akataka kuupaka mshono wote hapohapo, petroli ikiwa ndani. Nilikataa, na ningependa kila mwenye pikipiki akatae. Silikoni ya kawaida ikikaa kwenye petroli hufura, hulegea na kubanduka. Itakupa siku chache za amani ya uongo, na siku ikiachia huenda uko katikati ya foleni pale Outering, injini ya moto ikiwa chini ya tangi na waya wa plagi ukiwa karibu.

Kuna vitu vya dharura vinavyofaa kwa dharura tu. Kipande cha sabuni ya kufulia kikisuguliwa kwa nguvu kwenye tundu kitazuia kwa muda, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni kwa urahisi. Kitakufikisha kwa fundi mvua isiponyesha. Gundi ya chuma ya sehemu mbili, ile unayochanganya, ikishakauka hustahimili petroli vizuri, lakini inataka chuma kitupu, kilichokwanguliwa, kisicho na unyevu. Ukiipaka petroli ikiendelea kujitokeza, itashika rangi na vumbi, halafu itatoka nzima mkononi.

Niliondoka pale bila ugomvi, nikiwa na swali moja: ni nini kilicho chini ya hiyo rangi? Sumaku ndiyo iliyonijibu. Niliitoa kwenye spika mbovu. Chuma chenye rangi tu huivuta sumaku vizuri. Mahali penye bodi fila nene sumaku hulegea au huanguka. Nikaanza juu, ikashika. Nikaipeleka kwenye bonde la ajali, ikaanguka, nami nilitarajia hivyo, maana pale palijazwa. Halafu nikaishusha hadi kwenye mshono wa chini, mahali ambapo gari halikugusa wala ukingo wa barabara haukugusa. Ikaanguka tena.

Sikuwa na sababu ya kujaziwa bodi mahali pasipo na bonde, isipokuwa aliyekuwa anafanya kazi aliona unyevu, akaufunika. Hilo liliniuma kuliko pesa. Mtu aliona petroli inatoka, akajua, akaipulizia rangi nzuri juu, akanikabidhi nikaitie kwenye korido ya watu wenye watoto.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja Kariobangi Light Industries ambaye kazi yake ni radieta na matangi. Watu wa radieta ndio wa kutafuta kwa shida hii, kwa sababu wao hulehemu mabati membamba kila siku na wanajua kupima uvujaji. Mtu wa bodi ya gari ana ujuzi mwingine. Nilipoliweka tangi mezani, kitu cha kwanza alichofanya ni kulinusa. Kisha akamwambia kijana wake azime mtambo wa gesi uliokuwa unatumika karibu. “Kijana, hili leo haliguswi na moto,” akasema. “Leo ni kuosha tu.”

Alipotoa koki, kichujio chake kidogo kilikuwa kimejaa unga wa kutu. Akagonga tangi kwa kiganja, akaliinamisha, na vipande vyembamba vya kutu vikamiminika kwenye karai. Akanieleza kilichotokea, na tangu hapo nimekielewa vizuri. Nyundo ya kunyooshea bonde haikutoboa tangi. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu kutoka ndani kwa muda mrefu, na vile vigamba vya kutu ndivyo vilivyokuwa vimeziba matundu. Nyundo ilipogonga, vizibo vikadondoka. Ndiyo maana tangi ambalo halikuwahi kuvuja linaweza kupelekwa kwa fundi kwa ajili ya bonde na kurudi likivuja, na fundi akaapa kwa moyo safi kwamba hakulitoboa. Kwa hilo anaweza kuwa anasema kweli. Kosa lake linaanzia pale alipoona unyevu akaendelea na rangi.

Kutu yenyewe inatoka kwa namna tunavyonunua petroli. Oktoba 2023 lita moja ilifika shilingi 217.36 hapa Nairobi, na hata bei iliposhuka mazoea hayakubadilika: watu wa bodaboda hutia ya mia, ya mia mbili, wakafanya kazi, wakatia tena. Tangi huishi likiwa karibu tupu. Nafasi iliyobaki imejaa hewa, na hewa ina unyevu. Usiku wa baridi unyevu huo hushika kwenye kuta za ndani za chuma, ukawa matone, yakateremka. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, kwenye mshono, na hapo hubaki. Ongeza kuosha kwa mashine ya presha, ambayo husukuma maji kupitia gasketi ya kifuniko iliyochoka. Simlaumu mtu anayetia ya mia. Ndiyo aliyo nayo, na jioni mwenye pikipiki anangoja pesa yake. Ila kama unaweza kuilaza pikipiki ikiwa na tangi lililojaa zaidi, hasa inapokaa siku kadhaa bila kazi, unalipunguzia maji. Na mara mojamoja toa koki, mwaga kilicho chini kwenye chupa ya glasi, utazame. Maji yatajitenga chini yakionekana wazi.

Kazi ya mzee ilikuwa ya polepole. Maji moto na sabuni ya unga, kutikisa, kumwaga, kurudia hadi harufu ipungue. Kisha akatia kokoto ndogo na nati kuukuu, tukalitikisa kwa zamu hadi mikono ikauma, na kilichotoka kilikuwa maji mekundu. Akajaza siki, akaliacha lilale hivyo. Asidi ya siki hula kutu. Kesho yake akalisuuza tangi kwa maji yenye magadi ili asidi isiendelee kula chuma chenyewe, akalikausha upesi, kwa sababu chuma kitupu kilicholowa huanza kushika kutu saa ileile.

Kupima kulifuata. Aliziba tundu la koki na mdomo wa tangi, akatia hewa kwa pampu ya baiskeli, kidogo mno, huku nikipaka povu la sabuni nje. Usikubali mtu aunganishe kompresa ya kujazia magurudumu. Tangi ni bati jembamba, litafura na kupoteza umbo. Mapovu yalitokea pale chaki ilipoonyesha, na pia mahali pengine ambapo chaki haikuwa imeonyesha kitu, kando ya mshono uleule. Mzee hakushangaa. Alisema tundu moja la kutu huwa na ndugu zake.

Kuhusu moto nitasema wazi, kwa sababu nimeona vijana wakichomelea matangi kando ya barabara baada ya kumwaga petroli tu. Tangi lililomwagwa bila kuoshwa ndilo la kuogopwa zaidi: ndani lina mvuke na hewa pamoja, mchanganyiko uleule unaolipuka. Hata lililooshwa linaweza kuficha petroli chini ya vigamba vya kutu, nayo ikatoka mvuke likipashwa moto. Mzee alikwangua sehemu ya mshono hadi chuma kikang’aa, akajaza tangi maji na kuliinamisha ili sehemu ya kulehemiwa peke yake ndiyo ibaki juu ya maji, akatumia kipande cha shaba cha kulehemia kilichopashwa moto mbali, hakutumia ndimi za gesi. Akapaka asidi ya kulehemu, akalaza ukanda mwembamba wa shaba nyeupe juu ya matundu, akautiririshia lehemu hadi ikazama kingoni. Kisha tukapaka ndani dawa ya kuziba matangi, ile inayokauka ikawa ngozi ngumu, tukaligeuza kila upande ili ienee. Wakati wa kufanya hivyo tundu la koki lilizibwa lisije likajaa dawa.

Nilijaza petroli. Tukaliacha nje juu ya katoni kavu, na chaki kwenye mshono. Chaki ilibaki nyeupe. Rangi ilikuja baada ya hapo, na nililipaka kwa fundi mwingine, nikisimama pale. Kabla hajapuliza nilimwomba afunike kile kijitundu cha kupumulia kwenye kifuniko. Kikizibwa na rangi, petroli hushindwa kushuka, injini inazimika baada ya mwendo mfupi, unafungua kifuniko unasikia hewa ikiingia, inawaka tena, na unaweza kubadilisha kabureta nzima bila kujua shida ni kitundu cha ukubwa wa sindano.

Nilirudi pia kwa karakana ya kwanza. Nilikuwa na ujumbe wa M-Pesa wa malipo, picha za chaki, na video ya sumaku ikianguka. Nilikuwa pia nimejisomea: Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani Aprili 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Watu wengi wa kazi yetu hawajui kwamba mlango huo upo, na wanapaswa kujua.

Haikufika huko. Mwenye karakana aliitazama video kimya, akaitazama tena, akamwita kijana aliyefanya kazi. Kijana alisema aliona unyevu akadhani ni maji ya kuoshea msasa. Sikumwamini kabisa, lakini nilimwona alivyo: amepewa kazi ya siku tatu aimalize kabla ya jioni, na bosi wake anapimwa kwa mng’aro wa rangi. Tajiri alinirudishia sehemu ya pesa. Nilimwambia kwamba pesa nimepokea, ila nataka pia tangi la mteja mwingine lijazwe petroli likae usiku mmoja nje kabla ya kugusa bodi fila. Alikubali. Nimewapelekea wateja wawili tangu hapo, na nimewaagiza waombe kuonyeshwa chuma kabla hakijafunikwa na chochote. Wewe pia omba hivyo, popote unapopeleka. Fundi mzuri hataudhika.

Jirani yangu nilimweleza yote, na pikipiki imerudi kwenye korido baada ya yeye kuinusa mwenyewe. Bado kuna kazi moja. Wakati wa kulifunga tangi, mzee aligundua kwamba zile raba mbili za mbele, zinazokalia fremu chini ya shingo, hazikurudishwa na karakana ya kwanza. Tangi lilikuwa linasugua chuma kwa chuma, na alama ya msuguano tayari ipo. Amenikatia vipande vya tyubu ya gari vinisaidie kwa muda. Raba zenyewe nitazitafuta Kirinyaga Road Jumamosi hii, na nikizipata nitaweka picha ya namna zinavyokaa, kwa sababu kwenye pikipiki zilizopita kwa mafundi wengi naona ndizo hukosekana kwanza.